SOMO: KUONGEZA KANDA ZA TAHADHARI KATIKA RAMANI YA ULINZI YA KIJIJI
Mfano wa Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma

1. MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya Watendaji wa Kata na Vijiji, Wenyeviti wa Vijiji na Vitongoji, Askari wa Wanyamapori wa Vijiji, wanamgambo, na wananchi wote wanaolima karibu na mapori. Shabaha yake ni kumwezesha msomaji kuchukua ramani ya kijiji iliyokwisha kuwapo na kuiongezea kanda za tahadhari, yaani maeneo ambayo mnyama mkali au mharibifu akiingia, taarifa hutolewa mara moja na watu wanaohusika huchukua hatua walizopangiwa.

Mwisho wa somo, msomaji atakuwa na uwezo wa kueleza maana ya kanda ya tahadhari. Kukokotoa umbali wa kanda kutoka ukingo wa mashamba. Kuandika daftari la kanda. Na kutambua makosa yanayoifanya ramani ya ulinzi isiwe na faida au iwe na madhara.

2. KWA NINI TUNDURU

Wilaya ya Tunduru iko katikati ya njia kubwa ya wanyama. Upande wa kaskazini kuna mapori ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kuna Hifadhi ya Niassa katika nchi ya Msumbiji. Baina ya hifadhi hizo upo ushoroba wenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, unaopita katika ardhi ya vijiji vya Wilaya za Namtumbo na Tunduru. Wananchi wa vijiji hivyo walikubali kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zikiwamo Nalika na Chingoli katika Tunduru, na Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule katika Namtumbo.

Tembo hupita humo kwa haki yao ya asili, na mkulima hulima mpunga, mahindi na mihogo kwa haki yake ya kisheria. Taabu huanza pale njia hizo mbili zinapokutana usiku. Kundi la tembo likiingia katika shamba la mahindi yaliyokomaa huweza kumaliza chakula cha mwaka mzima cha kaya moja kabla ya mapambazuko. Wanaojaribu kuwafukuza bila maandalizi huhatarisha maisha yao.

Wazee wa wilaya hii wanakumbuka pia janga la simba la katikati ya miaka ya 1980, ambapo zaidi ya watu 40 waliuawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 katika Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Watafiti waligundua kwamba mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, kwa kuwa wakulima hulala katika madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na nguruwe hao huwavuta simba hadi mashambani.

Kwa hiyo, katika Tunduru, kuijua mapema hatari inakotokea ni jambo la uhai na chakula.

3. MAANA YA KANDA YA TAHADHARI

Fikra ya kanda imetoka katika ulinzi wa majengo. Mwaka 1853 Augustus Pope, mkazi wa Somerville karibu na Boston, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme iliyounganishwa kwa nyaya na milango na madirisha ya nyumba. Mlango ukifunguliwa, kengele hulia. Baadaye ilionekana kwamba katika jengo kubwa haitoshi kengele kulia. Mlinzi lazima ajue ni mlango upi. Ndipo majengo yakagawanywa katika kanda, kila moja ikawa na namba yake katika ubao wa mlinzi na alama yake katika ramani ya jengo.

Kijiji nacho ni kama jengo kubwa lisilo na kuta. Mlio wa debe usiku huamsha watu wote, lakini hauwaambii waelekee wapi. Wengine hukimbilia bondeni, wengine barabarani, na tembo hupita katikati. Kanda ya tahadhari huondoa mkanganyo huo, kwa kuwa kila kanda huwa na mambo saba:

(a) namba na jina linalojulikana na wenyeji;
(b) mipaka inayoonekana katika ramani na ardhini;
(c) mlinzi au chombo kinachotambua uvamizi;
(d) saa na majira ambayo kanda iko katika ulinzi;
(e) njia ya kupeleka taarifa;
(f) watu wa kuitikia na hatua zao;
(g) mtu mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba hatari imekwisha.

Kanda iliyokosa moja ya mambo hayo ni mchoro tu.

4. RAMANI YA KUANZIA

Kijiji hakina haja ya kuchora ramani mpya. Vijiji vilivyoandaa mipango chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 vina ramani inayoonyesha makazi, mashamba, misitu, malisho na vyanzo vya maji. Mahali ambapo ramani hiyo haipo, Afisa Ardhi wa Wilaya aombwe nakala ya ramani ya nchi ya skeli ya 1:50,000. Katika skeli hiyo, sentimita 1 katika karatasi ni sawa na mita 500 ardhini.

Juu ya nakala hiyo, iwekwe karatasi ya nailoni inayoangaza. Kanda zichorwe katika nailoni, wala si katika ramani yenyewe. Faida yake ni mbili: kanda zinaweza kufutwa na kuchorwa upya kila msimu, na ramani ya ardhi ya kijiji hubaki safi. Wenye kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa kuongeza tabaka jipya juu ya tabaka la ardhi.

Kabla ya kuchora mstari wowote, mkutano wa kitongoji uitwe. Wakulima, wachota maji, wakata kuni na warina asali waonyeshe mahali wanyama walipoingia katika misimu mitatu iliyopita. Wanawake wasikose katika mkutano huo, maana njia za kisimani na za kuni wanazijua wao kuliko viongozi. Kila tukio liwekewe nukta: nyekundu kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, nyeusi kwa mazao yaliyoharibiwa, na buluu kwa nyayo zilizoonekana bila madhara. Aghalabu nukta hizo hujipanga zenyewe kufuata bonde, kijito au njia ya zamani ya wanyama. Hapo ndipo mahali pa kanda.

5. KUKOKOTOA UMBALI WA KANDA

Makosa mengi hufanyika hapa. Watu huchora mstari karibu na shamba, na taarifa ikifika tembo wamekwisha kuingia. Umbali wa mstari wa tahadhari hutegemea mambo matatu: muda unaoweza kupita kabla ya taarifa kufika, muda wa kikosi kukusanyika na kufika mahali, na akiba.

Tuchukue kwamba tembo anatembea kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, kila dakika 15 ni kilomita 1.

Mfano wa kwanza: mlinzi mwenye simu. Mlinzi anaona tembo na kupiga simu. Taarifa inamfikia kiongozi wa kikosi baada ya dakika 15 (km 1). Kikosi kinahitaji dakika 45 kufika (km 3). Akiba ni kilomita 1, kwa sababu ya matope na giza. Jumla ni kilomita 5. Mstari wa tahadhari uwe kilomita 5 kutoka ukingo wa mashamba, yaani sentimita 10 katika ramani ya 1:50,000.

Mfano wa pili: tembo aliyevishwa mkanda wenye kisukuma mawimbi, unaotuma mahali alipo kila baada ya saa 1. Anaweza kuvuka mstari mara tu baada ya kutuma taarifa, na asijulikane mpaka saa nyingine ipite (km 4). Kikosi kinahitaji dakika 45 (km 3). Akiba ni km 1. Jumla ni kilomita 8, au sentimita 16.

Msomaji atashangaa kuona kwamba chombo cha kisasa kimehitaji umbali mkubwa kuliko mlinzi mwenye simu. Sababu ni kwamba mlinzi hutoa taarifa anapoona, na mkanda hutoa taarifa kwa saa zake. Lakini mlinzi hulala, huugua, na haoni mbali gizani. Mkanda hufanya kazi usiku na mchana. Inafaa vyote viwili vitumike.

Ikiwa mstari wa kilomita 8 unaingia ndani ya ushoroba wenyewe, ambamo tembo hupita kila siku, tahadhari italia kila usiku. Dawa yake ni kupunguza muda. Mkanda ukipangwa kutuma taarifa kila dakika 30 (km 2) na kikosi kikilala karibu na shamba ili kifike kwa dakika 30 (km 2), pamoja na akiba, mstari unarudi hadi kilomita 5. Hata hivyo, mkanda unaotuma mara nyingi humaliza betri upesi, na kumvisha tembo mwingine ni kazi ya gharama inayohitaji madaktari wa wanyamapori. Kuharakisha kikosi ni rahisi kuliko kubadilisha mkanda.

6. MADARAJA MATATU

Inashauriwa kila upande wenye hatari uwe na madaraja matatu. Kwa kutumia mfano wa mlinzi mwenye simu hapo juu:

Kanda ya Taarifa: nje ya kilomita 5. Mnyama akionekana humo, huarifiwa askari wa zamu peke yake. Watu hawaamshwi.

Kanda ya Tahadhari: kutoka kilomita 5 hadi kilomita 1. Kikosi hukusanyika na kuelekea katika kituo kilichopangwa. Walio katika madungu ya upande huo huarifiwa washuke na kurudi katika nyumba imara.

Kanda ya Hatari: kilomita 1 ya mwisho pamoja na mashamba yenyewe. Hakuna mtu mwingine anayeingia humo isipokuwa kikosi. Watoto na wasafiri huzuiwa njiani.

Kikosi hutumia vifaa kwa utaratibu wa kupanda ngazi: kwanza mwanga wa tochi kali, kisha honi, halafu vumbi la pilipili, na mwisho fataki. Tembo huyazoea mambo upesi, na kikosi kinachoanza na fataki siku ya kwanza hakitabakiwa na kitu siku ya kumi. Daima kikosi kiachie upande mmoja wazi, ule wa kurudi porini. Tembo aliyezingirwa hana njia ila kupitia juu ya watu.

Ukingo wa mashamba uimarishwe kwa uzio wa pilipili, yaani kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu, au kwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa katika mstari mmoja. Uzio huo pia uonyeshwe katika ramani, ili kikosi kijue mahali palipo wazi.

7. SAA NA MAJIRA YA ULINZI

Kanda haziwi katika ulinzi wakati wote. Kwa tembo, ulinzi uwe mkali kuanzia machweo hadi alfajiri, tangu mazao yanapokaribia kukomaa mpaka yanapoingizwa ghalani. Wakati wa kiangazi, kanda za mashamba zinaweza kulegezwa na nguvu zikahamishiwa katika visima na kingo za mito, ambako watu na wanyama hukutana kwa ajili ya maji.

Kwa simba, utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mashambulio huzidi saa za mwanzo wa usiku katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na giza hutangulia. Basi kalenda ya mwezi itundikwe kando ya ramani, na siku kumi baada ya mwezi mpevu zitiwe alama. Katika siku hizo mtu asitembee peke yake baada ya jua kuchwa.

8. MFANO WA OL PEJETA, KENYA

Mfano mashuhuri wa mpaka wa tahadhari unaotumia mkanda ulitoka Laikipia, Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta. Tembo dume aliyeitwa Kimani alikuwa na tabia ya kuvunja uzio na kuingia mashambani. Wenzake watano wenye tabia hiyo walikwisha kupigwa risasi. Shirika la Save the Elephants lilimvisha mkanda wenye kadi ya simu, na mpaka usioonekana ukachorwa katika kompyuta kufuata mpaka wa hifadhi. Kila alipoukaribia mpaka, ujumbe mfupi ulifika kwa askari, nao walimwendea kwa gari na taa wakamrudisha. Kufikia mwaka 2008 alikuwa amezuiwa mara 15, na tabia yake ilikuwa imepungua sana.

Mafunzo kwa Tunduru ni mawili. Kwanza, ujumbe wa simu peke yake haukumzuia Kimani. Aliyemzuia ni askari aliyekuwa tayari na gari lenye mafuta. Pili, tembo hujifunza wao kwa wao, hivyo kumdhibiti kiongozi wa uvamizi huweza kuwadhibiti wanaomfuata.

Siku hizi programu za kompyuta kama EarthRanger hukusanya katika ramani moja mahali walipo askari, magari na wanyama waliovishwa mikanda, na hutoa tahadhari mnyama anapovuka mstari. Kanuni zake ni zilezile za karatasi ya nailoni. Kijiji kilichozoea karatasi hakitapotea katika kompyuta.

9. MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

(i) Mstari wa kanda si mpaka wa ardhi. Mtu asinyang'anywe shamba kwa sababu liko katika Kanda ya Hatari, wala kijiji jirani kisidai ardhi kwa sababu kanda imevuka mpaka. Jambo hili liandikwe katika pembe ya ramani kwa herufi kubwa na litamkwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kanda inayogusa kijiji jirani ikubaliwe na Halmashauri za Vijiji vyote viwili.

(ii) Siri. Hesabu ya tembo katika mfumo wa Selous ilikuwa takriban 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, na sababu kubwa ni ujangili. Mwaka 2014 Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Kwa hiyo ziwepo ramani mbili. Ramani ya hadhara, yenye kanda, namba na hatua, ibandikwe ofisini ili kila mtu aione. Ramani yenye mahali tembo walipo kwa saa hiyo ibaki mikononi mwa askari wa zamu, isipigwe picha wala kutumwa katika simu.

(iii) Tahadhari za uongo. Kanda inayolia mara nyingi bila sababu huwafanya watu waendelee kulala siku ya hatari ya kweli. Kila mwisho wa mwezi daftari likaguliwe.

(iv) Kuziba ushoroba. Kanda zisipangwe kwa namna ya kumzuia mnyama kupita kabisa. Tembo aliyezibiwa njia ya jadi hutafuta nyingine katikati ya kijiji.

10. DAFTARI LA KANDA

Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, namba ya kanda, aina na idadi ya wanyama, aliyetoa taarifa, saa ambayo kikosi kilifika, hatua zilizochukuliwa, madhara, na saa ambayo hatari ilitangazwa kwisha. Tofauti baina ya saa ya taarifa na saa ya kikosi kufika ndiyo kipimo cha kweli cha ulinzi wa kijiji, na ndiyo itakayotumika kurekebisha umbali wa kanda msimu ujao.

Daftari lina faida nyingine. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ziliweka utaratibu wa kuzingatia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kikomo cha ekari tano kwa mazao. Mkulima ambaye shamba lake liko katika ramani, na tukio lake liko katika daftari kwa tarehe na saa, huwasilisha madai yenye ushahidi. Madai yasiyo na kumbukumbu hukawia au hukataliwa, hata kama hasara ni ya kweli. Wananchi wanakumbushwa kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji mapema, kabla alama za nyayo hazijafutika, na kumwuliza Afisa Wanyamapori wa Wilaya viwango vinavyotumika wakati huo.

11. MAZOEZI

1. Mkanda wa tembo hutuma taarifa kila saa 2. Kikosi kinahitaji dakika 30 kufika. Akiba ni kilomita 1. Mstari wa tahadhari uwe umbali gani, na ni sentimita ngapi katika ramani ya 1:50,000?

2. Kanda Namba 4 ilitoa tahadhari 20 katika mwezi mmoja, na wanyama walionekana mara 2 tu. Kamati ifanye nini?

3. Mgeni anaomba kupiga picha ramani ya askari wa zamu ili, kwa maneno yake, awaonyeshe ndugu zake mahali tembo walipo. Ajibiweje?

MAJIBU

1. Saa 2 ni kilomita 8. Dakika 30 ni kilomita 2. Akiba kilomita 1. Jumla kilomita 11, yaani sentimita 22.

2. Ikague mlinzi au chombo cha kanda hiyo, isome saa za tahadhari katika daftari, na iangalie kama mstari umechorwa ndani ya njia ya kawaida ya wanyama. Ikiwa ndivyo, mstari usogezwe na muda wa kikosi upunguzwe. Kanda isifutwe kabla ya kukaguliwa.

3. Akataliwe kwa heshima na aonyeshwe ramani ya hadhara. Ombi lake liandikwe katika daftari na Afisa Wanyamapori aarifiwe.

Watendaji wa Vijiji wanaombwa kulisoma somo hili katika mikutano ya vitongoji kabla ya msimu wa kupanda, ili kanda ziwe zimechorwa, kukubaliwa na kufanyiwa majaribio mahindi yangali machanga. Jaribio la kwanza lifanyike mchana, la pili usiku, na muda wa kikosi upimwe kwa saa katika majaribio yote mawili.